Jumatatu Tisini na Tisa za Doto, Fundi wa Umeme wa Jua

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, historia hii imeandikwa na inasomwa na shemeji yake, mume wa pacha wake, si kwa kuwa familia haina mwenye sauti nzuri zaidi, bali kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza hivyo akiwa na akili zake timamu, kitandani hospitalini, Jumamosi tarehe 3 Juni 2023, akaweka masharti matatu, kwamba tarehe zote ziwe kamili, kwamba hesabu isikadiriwe, na kwamba neno wivu lisiondolewe, maana, alisema, mkiliondoa hilo mtakuwa mnamzika mtu mwingine.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Februari 1957, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake, aliyekuwa seremala, dakika ishirini na tano baada ya dada yake, ambaye kwa kutangulia akaitwa Kurwa, na yeye kwa kufuata akaitwa Doto, na dakika hizo ishirini na tano hakuzisamehe maisha yake yote. Alikuwa akidai kwamba yeye ndiye aliyekuwa mlangoni, akapigwa kiwiko akapitwa, naye Kurwa akimjibu kwamba anayelala mlangoni hurukwa, na hapo wawili hao walicheka kicheko chao, cha watu wawili tu, ambacho shemeji yake alikuja kukisikia kwa zaidi ya miaka arobaini bila kuupata ufunguo wake.

Alisoma shule ya msingi tangu Januari 1964 hadi Novemba 1970, dawati moja na pacha wake, na kadi zao za matokeo, ambazo mama yao alizitunza katika bati la biskuti, zinaonyesha mitihani ya mihula ishirini na moja, Kurwa wa kwanza mara kumi na sita, Doto wa pili mara kumi na sita, na mara tano zilizobaki Doto wa kwanza, na hizo tano alizikariri kwa tarehe hadi alipofariki. Baada ya sekondari, Kurwa alikwenda kusomea uuguzi, naye akaenda chuo cha ufundi, akasomea umeme kwa miaka mitatu, akamaliza Desemba 1977, na Jumatatu tarehe 3 Aprili 1978 akaajiriwa na halmashauri ya jiji kama fundi umeme wa majengo, kwa maana ya kwamba taa ikizimika mahakamani, swichi ikichemka maktaba, au feni ikigoma katika ofisi ya mkubwa yeyote, aliyeitwa ni Doto, na aliyekuja ni Doto, mwenye penseli sikioni na koleo mfuko wa nyuma.

Jumamosi tarehe 18 Julai 1981 Kurwa aliolewa na kijana mhandisi aliyetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, ndiye huyu shemeji, na katika picha kumi na mbili za harusi hiyo zilizopo hadi leo, tisa zinamwonyesha Doto amesimama katikati ya bwana na bibi harusi, hata mpiga picha alipochoka akamwambia, "Bwana, wewe unaolewa na nani hapa?", naye akamjibu, "Mimi ndiye ninayenyang'anywa, piga picha." Wageni walicheka, na bwana harusi alicheka nao, lakini filamu iliposafishwa alizihesabu zile picha, na hesabu hiyo hakuisahau, kwa hiyo wasije waombolezaji wakadhani kwamba wivu ulikuwa umekaa upande mmoja tu wa ukuta.

Yeye mwenyewe alifunga ndoa tarehe 12 Mei 1984 na mshonaji wa sare za shule, mama mpole mwenye ulimi wa wembe, ambaye tangu mwaka wa kwanza aliwaambia majirani kwamba ameolewa na nusu ya mtu, nusu nyingine iko kwa wifi yake, wakajaliwa watoto wawili, wa kike aliye mwalimu wa hesabu, na wa kiume aliye fundi friji, na wajukuu wanne. Aliwalea kwa mkono wa upole na masikio makali, na alikuwa na mluzi wa sauti mbili, wa kwanza mrefu na wa pili mfupi, aliokuwa akimwita nao pacha wake tangu utotoni, ambao ukisikika nje ya nyumba ya shemeji yake, Kurwa huacha chochote alichoshika, iwe chungu au mazungumzo na mumewe, akatoka.

Sasa tunafika kwenye kazi iliyompa jina katika jiji hili. Mwaka 2012 halmashauri na umoja wa wafanyabiashara walikubaliana kutandika paneli za umeme wa jua juu ya paa, majengo ya umma yakiwa chini ya Doto, fundi mkuu kwa wakati huo, nayo ni hospitali yenye paneli 140, soko kuu 120, maktaba 64 na mahakama 36, jumla 360, na majengo ya biashara yakiwa chini ya shemeji yake, mhandisi wa umoja, nayo ni ghala la baridi lenye paneli 180, hoteli 96, duka la samani 90 na kiwanda cha mikate 20, jumla 386. Waliokuwapo wanakumbuka namna Doto alivyofanya kazi, kwamba hakufunga hata skrubu moja kabla ya kukaa juu ya paa siku nzima, tangu jua lichomoze hadi lizame, na kipande cha chaki, akichora ukingo wa kila kivuli kila nusu saa, cha tangi la maji, cha mnara wa simu, cha bomba la moshi, na mahali palipobaki bila chaki ndipo paneli ilipolala. Shemeji yake alivipata vivuli hivyo hivyo mezani, kwa kanuni na rula, na mara nyingi majibu yao yalilingana, jambo lililowaudhi wote wawili.

Ili kazi ionekane, jiji liliweka ubao mweusi chini ya ngazi za ukumbi wake, na kila Jumatatu saa mbili asubuhi, kuanzia tarehe 7 Januari 2013, juu yake ziliandikwa namba mbili tu, wastani wa yuniti ambazo kila paneli imetoa kwa siku katika wiki iliyopita, umma kushoto, biashara kulia, na anayepiga hesabu ya pande zote mbili akateuliwa shemeji, kwa sababu ya digrii yake na mwandiko wake. Doto alipinga kwenye kikao, kumbukumbu zipo, akasema, "Waheshimiwa, mmemkabidhi fisi bucha, halafu mnamwomba pia awe na mwandiko mzuri," wakacheka, uteuzi ukapita. Ilikuwa nambari ndogo ya kubishania, moja na nukta na vitarakimu viwili nyuma yake, lakini wanaume wawili wenye mvi walikuwa wakiamka usiku kwa ajili yake. Kurwa, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa wodi ya wazazi katika hospitali ile ile, alipita hapo kila Jumatatu akienda kazini, akausoma ubao, na aliyeshinda alipigiwa naye simu ya pongezi mchana, na mpigaji huyo ndiye aliyekuwa tuzo, jiji halikujua.

Katika Jumatatu sitini na mbili za mwanzo Doto aliongoza mara thelathini na nne, shemeji yake mara ishirini na saba, na mara moja walifungana. Kisha, Jumatatu tarehe 17 Machi 2014, upande wa biashara uliruka, ukaongoza, na haukushuka tena. Doto alipanda paa zake zote nne, akaosha paneli kwa mikono yake, akakaza kila kiungo cha waya, akachora vivuli upya kwa chaki, akakuta kila kitu kiko sawasawa, na bado kila Jumatatu alisimama mbele ya ubao ule nyuma kwa nukta sifuri nne, sifuri tano, sifuri tatu, huku shemeji yake akifuta chaki vidoleni na kumwambia, "Pole, shemeji, jua nalo lina wapenzi wake." Alikonda. Mkewe mshonaji alilazimika kuipunguza suruali yake ya kazi mara mbili, akamwambia wifi yake, "Mwambie mumeo amwachie ndugu yako japo wiki moja, uzi umeniishia."

Kilichotokea ni hiki, na ndicho ambacho marehemu aliagiza kisomwe kwa sauti. Jumatano tarehe 12 Machi 2014 kiwanda cha mikate kiliongeza paneli 26 juu ya banda lake la nyuma, zikaunganishwa kwenye mita ile ile, kwa hiyo yuniti zake zikaingia katika jumla, lakini mpiga hesabu hakuziingiza paneli zenyewe katika kigawanyo, akaendelea kugawa kwa 386 badala ya 412. Lilikuwa kosa la mtu mwenye mazoea, anayegawa kwa namba aliyoizoea kama anavyoingiza mguu katika kiatu chake. Aliligundua Jumapili tarehe 2 Novemba 2014 alasiri, mezani kwake, penseli mkononi. Wiki hiyo ubao ulikuwa uandikwe umma 1.21, biashara 1.26, na kwa kigawanyo cha haki ilikuwa umma 1.21, biashara 1.18. Aliivuta karatasi mpya ili aanze kusahihisha tangu Machi, na wakati huo huo simu ikalia barazani, Kurwa akaipokea, alikuwa ni Doto, na pacha hao wakaongea na kucheka kwa dakika arobaini na moja, kwa maneno nusu nusu ambayo yeye, aliyekuwa mume wa mmoja wao kwa miaka thelathini na mitatu, hakuyaelewa hata moja, na katika dakika ya arobaini na moja aliikunja ile karatasi mpya, akaitia ndani ya kitabu, akajiambia kwamba atasahihisha baada ya kamati kupita.

Kamati hiyo ilikuwa ya kumchagua msimamizi mmoja wa paa zote za jiji. Ubao uliandikwa kwa uongo tarehe 3, tarehe 10, tarehe 17 na tarehe 24 Novemba, maana yake Jumatatu thelathini na tatu zilikuwa za kukosea, na nne zilikuwa za kujua.

Alhamisi tarehe 27 Novemba 2014 kamati ilikuwa ifike hospitalini saa saba mchana kusoma mita. Saa sita u nusu, jua likiwa utosini, Doto, aliyejua kuliko mtu yeyote katika jiji hili kwamba paneli ikipoa hutoa zaidi, na aliyejua vilevile kwamba kioo chenye moto hakimwagiwi maji baridi, alivuta mpira kutoka tangi la chini ya ardhi akalimwagia paa zima. Mita ikapanda kutoka kilowati ishirini na saba hadi ishirini na tisa na nusu, na kwa dakika nane, kama alivyosimulia mwenyewe, alikuwa mtu mwenye furaha. Kisha vioo vikaanza kulia, kimoja kimoja, na kamati ilipotokeza kichwa juu ya ngazi, paneli kumi na moja zilikuwa zimepasuka, nazo zimetawanyika katika mistari minne kati ya saba, na paneli za mstari mmoja ni kama watu walioshikana mikono kuvuka mto, akiteleza mmoja wanayumba wote. Mwenyekiti alimwuliza, "Fundi, umefanya nini?", akamjibu, "Nimeshindwa kuwa wa pili." Kwa siku tisa wodi ya wazazi iliendeshwa kwa jenereta, hakuna aliyedhurika, lakini kwa siku hizo tisa mkuu wa wodi alitembea na ufunguo wa jenereta mfukoni, na mluzi wa sauti mbili ulipigwa nje ya dirisha lake, naye hakutoka.

Shemeji alichaguliwa msimamizi, akapewa cheti, kikatundikwa sebuleni. Ubao uliondolewa. Doto alivuliwa ufundi mkuu, na tangu Januari 2015 hadi alipostaafu Februari 2017 alipangiwa kikosi cha kuosha paneli, za umma na za biashara, na huko ndiko, Jumatano tarehe 11 Machi 2015, alikopanda na ndoo yake juu ya kiwanda cha mikate, akaosha ishirini za mbele, akazunguka, akaosha nyingine ishirini na sita za banda la nyuma, akainama kusoma tarehe ya kufungwa kwenye kibandiko cha fremu, akakaa chini juu ya bati, na akapiga hesabu kwa chaki.

Alishuka, akarudisha ndoo, hakumwambia mtu. Hakumwambia mkewe, hakumwambia pacha wake, ambaye kufikia wakati huo alikuwa ameanza tena kuitikia mluzi, na wala hakumwambia shemeji yake, ila shemeji aliona kwamba kuanzia mwaka huo Doto alinenepa, akawa anaingia nyumbani kwake bila kubisha hodi, anakaa chini ya kile cheti, anakitazama kwa utulivu wa mtu anayetazama mvua akiwa ndani, na amani hiyo ilimnyima shemeji usingizi kuliko wivu wote wa miaka iliyotangulia.

Marehemu alianza kuugua figo Agosti 2021, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwenye chumba cha mashine cha hospitali, chini ya paa alilolichora kwa chaki, na kila alipolazwa kwenye kiti aliwauliza wauguzi, "Leo tunatumia umeme wa juu ya paa au wa waya?", akiambiwa wa juu alilala, akiambiwa wa waya alitaka kujua ni wingu au ni uzembe, na alikuwa akisema kwamba aliosha paneli miaka miwili, sasa ni zamu yake kuoshwa. Hali ilibadilika mwishoni mwa Mei 2023, akalazwa.

Jumamosi ile ya tarehe 3 Juni, Kurwa alipotoka kwenda kuchukua dawa, Doto aligeuza shingo akamwuliza shemeji yake, "Kile kiwanda cha mikate kina paneli ngapi?", naye akajibu arobaini na sita, akaulizwa, "Tangu lini?", akajibu tangu tarehe 12 Machi 2014, na Doto akacheka hadi muuguzi akaja kutazama mashine. Alisema, "Miaka minane nimekuwa na kitu ambacho wewe huna, shemeji, na ni wewe uliyenipa, asante." Alipoulizwa kwa nini hakumwambia pacha wake, alisema, "Ningemwambia, angekuacha, angerudi kwetu, na hilo ndilo nililolitaka tangu mwaka themanini na moja. Lakini mimi ni mtu wa wivu, shemeji, si mwizi." Ndipo akatoa agizo lake, "Utaisoma wewe, siku ya kunizika, mbele yake, na nukta zake zote, usizungushe." Kurwa aliporudi na dawa aliwakuta wawili hao wanacheka, akauliza wanacheka nini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao ni yeye ambaye hakuambiwa.

Alifariki Jumatano tarehe 14 Juni 2023, saa nane na dakika kumi mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, miezi minne na siku tano, pacha wake amemshika mkono, anga halina wingu.

Kwa hiyo, kwa agizo lake, mbele yenu na mbele ya Kurwa, aliyeketi safu ya kwanza na anayeyasikia haya kwa mara ya kwanza, ambaye leo asubuhi aliuliza kwa nini cheti kimeshushwa ukutani akaambiwa kwamba atajua makaburini, ubao unasahihishwa. Umesomeka kwa miaka tisa hivi, Jumatatu tisini na tisa, biashara mara sitini na nne, umma mara thelathini na nne, kufungana mara moja. Usomeke hivi, Jumatatu tisini na tisa, biashara mara ishirini na tisa, maana katika zile thelathini na saba za mwisho iliongoza kwa haki mara mbili tu, kufungana mara moja, umma, yaani Doto, mara sitini na tisa. Shemeji yake haombi kuhurumiwa, na atakalolisema Kurwa leo au siku yoyote, nyumbani au mbele za watu, atalipokea kama lilivyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha mashine, waliomvumilia kwa maswali mengi ya umeme kuliko ya figo, majirani waliokesha na mjane, wafanyakazi wa halmashauri ambao asubuhi hii wamepanda paa la hospitali na kuosha paneli zote mia na arobaini bila kuombwa, kwa maji ya vuguvugu, kabla jua halijapanda, kama alivyowafundisha baada ya kujifunza kwa gharama, na kiwanda cha mikate, kilichotuletea kumbukumbu za mita yake kwa kila wiki ili hesabu hii iwe na ushahidi.

Doto, ulikuja baada ya dakika ishirini na tano, na umeondoka ukiwa umetangulia. Pumzika kwa amani, wa kwanza wetu.